Helule Helule: Twist Yetu Iliyopanda Chati za Uingereza

Wasee, leo naanza kwa kukiri kosa.

Mwaka jana niliweka hapa klipu fupi ya jioni pale Muliro Gardens. Mvua ya Kakamega ilikuwa imetoka kupiga, miti inadondosha maji, watu wanakimbilia matatu. Chini yake nikaweka ngoma niliyoipata nikitafuta roki ya zamani ya Uingereza. Gitaa linaruka, sauti zinapandana, kiitikio kinashika kichwa kama gundi. Bendi ni The Tremeloes. Wimbo ni Helule Helule. Nikaandika kwa ujasiri wote: "Hii ni ngoma ya Wazungu ya 1968 na bado inabamba!"

Watu walipenda. Mimi nikalala nikiwa na raha.

Kesho yake simu ikalia. Alikuwa kuka, babu yangu, kutoka Lurambi. Binamu yangu alikuwa amemwonyesha klipu. Kuka hana mambo ya salamu ndefu akiwa amekasirika. "Mjukuu wangu," akasema, "huo wimbo umeutoa wapi ukaupa Wazungu? Huo ni wa Kabaka. Sisi tuliucheza mpaka soli za viatu zikaisha."

Nilidhani mzee amechanganyikiwa. Kabaka si mfalme wa Buganda? Sasa mfalme na twist wapi na wapi?

Ikabidi nikae chini nisome. Hii posti ndiyo matokeo.

Kabaka ni nani?

Daudi Kabaka alizaliwa mwaka 1939 Kyambogo, Uganda, lakini wazazi wake walikuwa Wakenya, Waluhya wa huku kwetu Magharibi. Jina lake lilifanana na cheo cha mfalme wa Buganda, ila yeye ufalme wake ulikuwa mwingine kabisa: watu walimwita Mfalme wa Twist. Kama umewahi kusikia Harambee Harambee, ule wimbo ambao redio ya taifa iliucheza mpaka wazee wetu wakaukariri, umeshamsikia. Kama mama yako huimba Msichana wa Elimu akiosha vyombo, umeshamsikia tena. Ni vile tu hukujua ni nani.

Nairobi ya miaka ile ilikuwa na studio iliyoitwa Equator Sound, chini ya Mzungu aliyeitwa Charles Worrod. Studio ilikuwa na bendi yake, Equator Sound Band, na humo ndani kulikuwa na vichwa si mchezo. Fadhili William, yule aliyeirekodi Malaika, alikuwa humo. Gabriel Omolo, ambaye baadaye alitutolea Lunch Time, alipita humo. Kutoka Zambia walikuja Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Na katikati yao Daudi Kabaka, kijana wa gitaa na sauti nyororo, akiimba Kiswahili ambacho mtu wa Mombasa, Kampala au Mumias angekielewa bila mkalimani.

Ona hiyo timu vizuri. Mkenya wa huku, Mkenya wa kule, Mzambia, wote kwenye maikrofoni moja, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Hiyo ni miaka ya 1960, nchi imepata uhuru juzi tu, 1963. Siku hizi tukiita mtu wa Tanzania kwenye wimbo tunaona tumefanya jambo kubwa sana. Hao walishafanya kitambo.

Twist ilifikaje kwetu?

Hapa kuna kisa ndani ya kisa.

Twist ilitoka Marekani. Wengi wanalijua jina la Chubby Checker, aliyeufanya wimbo The Twist uwe namba moja kule mwaka 1960, ukarudi tena namba moja mwaka 1962. Lakini Chubby Checker hakuutunga. Mtunzi ni Hank Ballard, ambaye tayari alikuwa ameurekodi na kundi lake, The Midnighters. Wake ulitoka upande wa pili wa santuri, haukufika mbali hivyo. Wa Checker ukazunguka dunia. Kwa hiyo hata huko ulikoanzia, twist ilikuwa na baba aliyesahaulika. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Ilipofika Nairobi, vijana hawakuiga tu. Walichukua mwendo wake, wakauchanganya na kwela ya Afrika Kusini, ile ya filimbi za bati na mdundo wa kurukaruka, wakaongeza namna yetu ya kupiga gitaa, nyuzi zikiongea kama watu wawili wanaojibizana. Wakaita African Twist. John Nzenze naye alikuwa humo, na Angelike Twist yake. Kuka anasema ukumbi ukianza kupigwa twist, hata aliyekuja kumtafuta deni mwenzake alisahau deni kwanza.

Helule Helule ilitoka katika dunia hiyo. Ni wimbo mwepesi, wa kucheza, hauna maneno mengi. Nguvu yake iko kwenye kiitikio: hata ukiwa hujui Kiswahili, ukisikia mara moja tu, mara ya pili unaitikia. Hiyo ndiyo tabia ya wimbo unaovuka mipaka bila pasipoti.

Sasa twende Dagenham

Dagenham ni mtaa wa wafanyakazi mashariki mwa London. Huko ndiko walikotoka Tremeloes. Kama ulikuwa hujui, hawa ndio jamaa waliowahi kuwashinda Beatles. Ndiyo, hao hao Beatles. Tarehe 1 Januari 1962, kampuni ya Decca ilizisikiliza bendi zote mbili siku moja, ikachukua Tremeloes, ambao wakati huo walikuwa na Brian Poole kama mwimbaji. Beatles wakaambiwa warudi nyumbani. Dunia nzima bado inaicheka Decca kwa uamuzi huo.

Lakini Tremeloes hawakuwa bure. Mwaka 1963 walipiga Twist and Shout na ikaingia tano bora za Uingereza. Mwaka huo huo wakapata namba moja na Do You Love Me. Brian Poole alipoondoka, wengine waliendelea, na 1967 wakapata namba moja nyingine, Silence Is Golden.

Sasa angalia vizuri. Twist and Shout ilikuwa imeimbwa Marekani kabla yao. Do You Love Me ilikuwa ya The Contours, kundi la Weusi wa Detroit. Silence Is Golden ilikuwa ya The Four Seasons, na ilikuwa upande wa pili wa santuri yao, vile vile kama ya Hank Ballard. Here Comes My Baby, nyingine iliyowapa jina, ilitungwa na Cat Stevens. Kipaji cha Tremeloes kilikuwa masikio. Walijua kuchagua wimbo ambao mwingine ameuacha mezani, wakaupaka rangi yao ya sauti nyingi zinazopandana, ukauza.

Mwaka 1968 masikio yao yalifika Nairobi. Wakaimba Helule Helule. Beti zikawa za Kiingereza, kiitikio kikabaki chetu. Ikapanda mpaka namba 14 kwenye chati za Uingereza.

Tulia hapo kidogo. Namba 14. Mwaka ambao Beatles, Rolling Stones na wakubwa wengine wote walikuwa wanapigania nafasi kwenye chati hizo hizo, vijana wa Uingereza walikuwa wanaitikia kiitikio cha kijana wa Kiluhya aliyekuwa akipiga gitaa Nairobi. Shuleni nilifundishwa tarehe za mikutano ya Lancaster House mpaka nikazikariri. Hili hakuna aliyenifundisha.

Jina kwenye duara la karatasi

Kitu kilichonipiga ngumi ni hiki. Nilitegemea kukuta wizi. Nilikuwa nimeshaandaa hasira yangu, nimenoa panga: Wazungu wametuibia tena, kama kawaida. Nilijua posti ya hivyo ingesambaa haraka.

Lakini jina la Kabaka lipo. Kwenye zile herufi ndogo zinazotaja watunzi wa wimbo, limeandikwa: Kabaka.

Sasa fikiria Mwingereza wa 1968 anayelisoma jina hilo. Wakati huo huo London kulikuwa na Kabaka mwingine, wa ukweli, Mutesa wa Pili. Jeshi la Obote lilivamia jumba lake la Mengo mwezi Mei 1966, akatoroka, akaishia London, na huko ndiko alikofariki Novemba 1969. Kwa hiyo kuna kipindi ambapo mfalme asiye na ufalme alikuwa akiishi mji ule, na redio za mji ule zikicheza wimbo wa mtu mwenye jina kama cheo chake. Mmoja alikuwa amepoteza kiti. Mwingine alikuwa juu ya chati na karibu hakuna aliyejua sura yake.

Ukubwa wa tatizo uko hapo. Jina la ukoo peke yake, kwenye karatasi ya duara katikati ya santuri, halisemi mtu anatoka wapi. Halisemi Daudi. Halisemi Kenya. Lakini lilikuwepo, na mtu aliyetaka kumtafuta alikuwa na pa kuanzia.

Na nani alilifuta? Mimi. Bendi ya Dagenham iliandika "Kabaka" mwaka 1968. Mimi, mtoto wa Kakamega, mwaka jana nikaandika "ngoma ya Wazungu". Nilikuwa na simu yenye intaneti, na babu aliyeucheza wimbo wenyewe anaishi safari ya boda kutoka kwangu. Sikuuliza hata mmoja.

Retro ya nani?

Tunapenda sana neno retro. Miwani ya retro, shati la retro, ngoma ya retro. Lakini kitu kinakuwa retro pale ambapo kuna mtu aliyekitunza.

Kule Uingereza Tremeloes wamekuwa bendi ya zilizopendwa kwa miongo mingi. Kuna maonyesho kabisa ya nyimbo za miaka ya 1960, bendi kadhaa jukwaa moja, ukumbi umejaa watu wenye mvi wanaojua kila neno. Wanaocheza na wanaosikiliza wanakubaliana: huu ulikuwa ujana wetu, tunalipia tiketi kuukumbuka. Watoto wao wanajua. Wajukuu wao wanajua.

Huku kwetu zilizopendwa ni kitu cha Jumapili mchana redioni, mzee ameshika sahani ya ugali na ingokho, sisi tumeweka vipokea sauti masikioni. Mtangazaji akitaja jina la mwimbaji, hatusikii. Halafu miaka inapita, wimbo uleule unaturudia umevaa koti la Uingereza, ndipo tunashtuka: "Manze, hii ni kali!"

Najua mtu atasema, lakini hata Kabaka aliazima. Twist si ya Waluhya. Kweli kabisa. Muziki ni kama moto, unaenda kuazima kaa kwa jirani na jirani habaki gizani. Sina shida na Tremeloes kuimba Helule Helule. Kwa kweli ninafurahi walifanya. Ninachosema ni kwamba ukiazima moto, usirudi kijijini ukisema umeuzua wewe. Na mtoto wa nyumba uliyoazima asiwe wa kwanza kukubali.

Tena si suala la heshima tu. Sheria ya hakimiliki ya Kenya inamlinda mtunzi maisha yake yote, na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kabaka alifariki Nairobi Novemba 2001. Piga hesabu: mpaka mwisho wa 2051. Kwa hiyo "ni ya zamani" haimaanishi "ni ya kila mtu". Kuna haki inayotembea na hilo jina, na jina likipotea, haki inatembea bila mwenyewe.

Wale walioenda na majina yao

Kuna mfano mwingine wa kutoka huku huku, na huu una mwisho tofauti.

Magharibi tuna omutibo, upigaji wa gitaa kavu ambao George Mukabi wa Kisa aliupa jina kubwa kabla hajafariki mwaka 1963. Gitaa moja, sauti, na chupa ya Fanta. Usicheke. Ile mistari ya chupa ya zamani ikikwaruzwa na kugongwa kwa chuma, inakupa mdundo safi kuliko programu nyingi mlizo nazo kwenye simu.

Shem Tube na wenzake wawili kutoka Bunyole walikuwa wanapiga muziki wa aina hiyo, wakijiita Abana ba Nasery. Wakafika Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakarekodi huko na wanamuziki wa huko, na albamu ikatoka 1992 ikiwa na jina la kundi lao. Chupa ya Fanta ilienda pia. Hawakutafsiriwa. Waliimba lugha yao, wakapiga gitaa lao, na anayeitafuta albamu hiyo leo anawakuta wao wenyewe.

Hawakufika namba 14. Lakini wakiulizwa ngoma ni ya nani, hakuna haja ya kuka kupiga simu.

Kosa la pili

Nilisema ninakiri kosa. Kwa kweli ni mawili, na la pili linaniuma zaidi.

Miezi michache baada ya ile simu ya kuka, nilienda matanga upande wa Ikolomani. Usiku, isukuti ilipopumzika, mzee mmoja akachukua gitaa bovu lenye nyuzi tano, akaanza kuimba. Watu wakanyamaza mpaka ukasikia kuni zikipasuka motoni. Nikatoa simu, nikarekodi, nikaweka hapa: "Mzee wa kijijini akiua gitaa." Ikaenda mbali kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Watu wakachukua ile sauti, wakaiweka kwenye video zao za kahawa, za safari, za machweo. Mmoja akaiita "gitaa la kale la Afrika".

Ona hiyo. Mtu ni mzima, anakula, analima miwa yake, na tayari ameshaitwa wa kale.

Nikataka kurekebisha, niandike jina lake. Nikagundua sikuwahi kumuuliza. Mimi niliyekuwa nimesoma habari za Hank Ballard na Kabaka usiku kucha.

Nilipanda boda nikarudi. Ilinichukua nusu siku kumpata, nikiuliza nyumba kwa nyumba "yule mzee wa gitaa". Nikamsalimu, nikamwambia nilivyofanya, nikamwonyesha simu. Akajitazama kwa muda mrefu. Hakuonekana kukasirika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Kijana wangu," akasema, "ulinipiga picha kama mtu anavyopiga picha mti."

Sikuwa na jibu. Nikaomba msamaha. Akaniambia nikae, chai ikaletwa. Kumbe wimbo ule aliutunga mwenyewe, kwa ajili ya rafiki yake waliyefanya kazi naye mjini akafa ajalini. Ana nyingine nyingi, zote ziko kichwani. Sasa anajua nikienda nachukua daftari kwanza, simu baadaye. Jina lake kamili silitaji hapa kwa sababu bado anafikiria anataka liandikwe vipi na wapi. Safari hii uamuzi ni wake, na ile klipu nimeiondoa mpaka aseme.

Kazi ya wikendi

Basi fanyeni hivi. Kwanza, tafuta Helule Helule ya Daudi Kabaka, isikilize yote. Halafu isikilize ya Tremeloes. Usishindanishe. Sikia tu vile wimbo mmoja unavyoweza kuishi kwenye nyumba mbili.

Pili, nenda kwa mzee wenu, awe kuka, kukhu, au jirani yule mnayemwona tu akipita. Muulize alicheza nini akiwa na umri wako, na nani aliimba. Andika majina, yote mawili matatu, na alikotoka mtu.

Nilirudi Lurambi kumweleza kuka yote haya. Namba 14, Dagenham, Beatles wakirudishwa nyumbani. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamchezea ya Kabaka kwenye spika yangu ndogo. Kiitikio kilipofika, mzee wa miaka themanini na kitu akasukuma kiti nyuma, akasimama polepole, akaanza kuzungusha kiuno kwenye sakafu ya simenti, mkono mmoja ukiwa umeshikilia meza.

Nilikuwa nimeshika simu. Nikamuuliza kwanza.

Akasema, "Rekodi. Lakini uandike Daudi Kabaka."